Uraibu wa Nyumbani: Kupiga Picha za Kufupisha Muda na Kuonja kwa Kipimo

Katika somo la Kiswahili, mwalimu akimuuliza mwanafunzi uraibu wake ni upi, jibu linalotarajiwa ni kusoma, kucheza kandanda au kutunza bustani. Jioni hiyo hiyo mtangazaji wa redio akilitaja neno uraibu, mara nyingi atakuwa anazungumzia pombe, bangi au kamari. Neno ni moja. Kwa maana ya kwanza ni jambo ambalo mtu hulipenda na kulifanya wakati wa mapumziko. Kwa maana ya pili ni jambo ambalo limemshika mtu hata hawezi kuliacha.

Wakazi wengi wa Thika na Ruiru hurudi nyumbani jioni wakiwa wamechoka na kazi na safari. Saa chache zinazobaki kabla ya kulala, pamoja na Jumamosi na Jumapili, ndizo saa za uraibu. Somo hili linaeleza burudani mbili ambazo mtu mzima anaweza kuzifanya nyumbani kwa gharama ndogo. Ya kwanza ni kupiga picha za kufupisha muda, na ya pili ni kuonja aina tofauti za bia. Linaeleza pia jinsi ya kuizuia burudani isigeuke kuwa uraibu wa ile maana ya pili.

Karani aliyepiga picha maua

Picha za kufupisha muda hupigwa moja moja, kwa nafasi sawa, kamera ikiwa imetulia mahali pamoja. Baadaye picha hizo huunganishwa na kuonyeshwa haraka kama video. Jambo lililochukua siku kumi huonekana kwa nusu dakika. Kwenye simu nyingi za kisasa sehemu hii hukaa kando ya ile ya video na huitwa taimlapsi.

Mmoja wa waliotangulia katika kazi hii alikuwa Mwingereza aliyeitwa F. Percy Smith, karani katika ofisi ya elimu ya serikali mjini London. Alianza upigaji picha kama burudani, akitumia mitambo aliyojiundia mwenyewe. Mwaka 1910 filamu yake iitwayo The Birth of a Flower iliwaonyesha watazamaji maua yakifunguka mbele ya macho yao, jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona. Baadaye aliacha ukarani akaifanya kazi hiyo kuwa riziki yake.

Si kila mwenye burudani atafika huko, wala si lazima. Mkazi wa leo ana simu inayofanya mengi ambayo karani yule alilazimika kuyafanya kwa mikono. Anachohitaji kuongeza ni subira na hesabu kidogo.

Hesabu ya picha 720

Video ya kawaida inaweza kuonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa hiyo video ya sekunde 30 inahitaji picha 24 mara 30, yaani picha 720. Idadi hiyo ikishajulikana, kinachobaki ni kugawanya muda wa tukio.

Mfano wa kwanza ni mawingu. Mtu aliye Thika hutazama upande wa Kilimambogo, mlima ambao pia huitwa Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,100. Msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, mawingu hujikusanya na kubadilika haraka alasiri. Picha moja kila baada ya sekunde 5 ni picha 12 kwa dakika. Kwa saa moja zinakuwa 720. Saa moja ya mawingu inatoa sekunde 30 za video.

Mfano wa pili ni mbegu ya maharagwe. Mbegu huwekwa ndani ya chupa ya kioo, ikibanwa ukutani kwa pamba au karatasi ya shashi yenye unyevu, ili mizizi ionekane. Picha moja kila baada ya dakika 20 ni picha 3 kwa saa, au 72 kwa siku. Kwa siku 10 zinakuwa 720. Hesabu ni ile ile, ila mwendo wa tukio ndio tofauti.

Makosa ya wanaoanza hufanana. La kwanza ni kusogeza simu. Hata kuisogeza kidogo tu huonekana kama mruko katika video, kwa hiyo ni vyema kuibana simu kati ya vitabu viwili au kati ya mifuko miwili midogo ya mchele. La pili ni mwanga unaobadilika. Mwanga wa dirishani huja na kuondoka, na video hutoka ikimetameta. Kwa mbegu, ni afadhali kufunga pazia na kuwasha taa moja muda wote. Taa ya wati 9 ikiwaka mfululizo kwa siku 10, yaani saa 240, hutumia wati-saa 2,160. Hiyo ni takriban yuniti 2 za stima.

La tatu ni nafasi ya kuhifadhi. Picha moja ikiwa na megabaiti 3, picha 720 hujaza zaidi ya gigabaiti 2. Kwa kazi ya siku nyingi, simu ya zamani ambayo kioo kimepasuka lakini kamera yake ni nzima inafaa zaidi kuliko simu ya kila siku. Zipo programu za bila malipo zinazopiga picha kwa nafasi maalumu bila mtu kuwepo. Simu iliyo kwenye chaji kwa siku nyingi iwekwe mahali penye hewa, mbali na jua kali, mbali na godoro na mapazia, na ikaguliwe kila siku. Betri iliyovimba haifai kuchajiwa tena.

Kamera isielekezwe wapi

Wengi huishi kwenye maghorofa na ploti ambako dirisha la mmoja linatazamana na mlango wa mwingine. Kamera iliyowekwa dirishani kwa saa nyingi inaweza kurekodi nani alitoka, nani aliingia na saa ngapi, hata kama mwenyewe alitaka kupiga picha jua likizama. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda haki ya kila mtu ya faragha. Njia rahisi ni kuiinua kamera juu ya mapaa, au kuielekeza ndani ya nyumba yake mtu mwenyewe. Aidha, kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi yasipigwe picha.

Kutoka mbegu hadi glasi

Mtu aliyetazama mbegu ikichipua kwa njia hii tayari amejua sehemu ya kwanza ya utengenezaji wa bia. Mbegu inapoamka, huanza kubadilisha wanga wake kuwa sukari ili kulisha chipukizi. Watengenezaji wa bia huilowesha shayiri, huiacha ichipue kidogo, kisha huikausha kabla haijaendelea. Nafaka hiyo huitwa kimea. Sukari ya kimea ikichanganywa na maji na kupewa hamira, hamira huila na kutoa kileo pamoja na gesi ile inayofanya povu. Mmea uitwao hopsi huongeza uchungu na harufu. Shayiri ikikaangwa mpaka ikawa nyeusi, hutoa bia nyeusi yenye ladha inayokaribia kahawa.

Historia ya bia ya viwandani nchini haiko mbali na wakazi hawa. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 huko Ruaraka, upande wa barabara inayotoka Nairobi kwenda Thika. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu, na bia ya Tusker ikapewa jina la kumkumbuka mnyama huyo mwenye pembe.

Kabla ya hapo palikuwa na muratina, kinywaji cha asali au maji ya miwa kilichochachushwa kwa tunda la mti wenye jina hilo hilo. Miongoni mwa Wakikuyu kilikuwa kinywaji cha wazee na cha shughuli maalumu, kama vile mazungumzo ya mahari. Vijana hawakuruhusiwa kukinywa ovyo. Mila ilikuwa imeweka kipimo cha umri na cha wakati, na watu walikijua.

Namna ya kuonja

Kuonja ni tofauti na kunywa. Anayeonja hutaka kujua tofauti kati ya kinywaji kimoja na kingine, na kwa hilo kiasi kidogo kinatosha. Kipimo kinachofaa ni mililita 50 kwa kila aina, sawa na vijiko vikubwa vitatu na zaidi kidogo.

Kwa kawaida huchaguliwa aina nne. Huanza ile nyepesi ya rangi ya dhahabu na humalizia ile nyeusi, kwa sababu ladha nzito ikitangulia hufunika nyepesi. Glasi ziwe safi na zisiwe na mafuta wala sabuni, maana vyote viwili huua povu. Kila aina hutazamwa rangi na povu, hunuswa, kisha huonjwa polepole. Kati ya aina moja na nyingine mtu hunywa maji na kutafuna kipande cha mkate mkavu.

Katika baa za hapa mteja huulizwa kama anataka baridi au moto, moto ikiwa na maana ya bia isiyotiwa kwenye friji. Swali hilo lina maana pia kwa anayeonja. Baridi kali hufisha ulimi na kuficha harufu. Bia ile ile ikionjwa ikitoka kwenye friji, kisha baada ya dakika 20 mezani, huonekana kama bia mbili.

Jaribio lingine ni la jua. Mwanga huibadilisha hopsi na kuifanya bia inuke vibaya. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini ile ya kijani au isiyo na rangi huzuia kidogo. Ndiyo sababu kreti zilizoachwa juani mbele ya duka si mahali pazuri pa kununua bia.

Hesabu ya kileo

Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa ndiyo msingi wa hesabu yote. Chupa ya mililita 500 yenye kileo asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Chupa ya ukubwa huo yenye asilimia 6.5 ina mililita 32.5. Kwa hiyo anayesema amekunywa chupa mbili tu bado hajasema amekunywa kiasi gani.

Anayeonja aina nne za asilimia 4.2, kila moja mililita 50, amechukua mililita 200 za bia zenye mililita 8.4 za kileo. Anayemaliza chupa nne hizo amechukua mililita 84. Amejua ladha zile zile nne, lakini mwili wake umebeba mara kumi zaidi, na mfuko wake umelipa mara kumi zaidi. Chupa moja ya mililita 500 inatosha watu 10 kuonja. Majirani 10 wakichangia chupa nne, kila mmoja hulipia chini ya nusu ya bei ya chupa moja.

Hata kiasi kidogo hakifai kwa kila mtu. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inakataza kuwauzia vileo walio chini ya umri wa miaka 18, na katika nyumba yenye watoto chupa zifungiwe. Wajawazito, wanaotumia dawa zisizopatana na kileo, na waliowahi kutatizwa na pombe hawashauriwi kuonja kabisa. Anayepanga kuendesha gari au bodaboda asionje siku hiyo.

Mwenye nyumba akianza kuwatoza wageni pesa kwa kila glasi, hiyo si burudani tena. Ni biashara ya vileo, na inahitaji leseni. Jedwali la Nne la Katiba linaweka utoaji wa leseni za vileo chini ya serikali za kaunti. Vivyo hivyo, mtu hawezi kutengeneza kileo cha kuuza bila leseni.

Ulimi hauijui sumu

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote kwa mwenye uraibu wa kuonja. Ulimi uliozoea unaweza kutambua shayiri iliyokaangwa, bia iliyopigwa na jua, au chupa iliyokaa siku nyingi. Hauwezi kutambua methanoli. Methanoli ni kileo cha viwandani chenye harufu na ladha inayokaribiana sana na ya kileo cha kawaida. Ndani ya mwili hugeuka kuwa asidi inayoharibu neva za macho na inaweza kuua. Hakuna njia ya kuigundua kwa kunusa, kwa kuonja, wala kwa kuwasha kinywaji moto ili kutazama rangi yake.

Mwezi wa Mei mwaka 2014 vileo vyenye methanoli viliua watu zaidi ya 60 katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwa miongoni mwao, na wengine walipoteza uwezo wa kuona. Februari mwaka 2024 pombe haramu iliua watu zaidi ya 10 huko Kirinyaga. Uzoefu wa miaka mingi wa kunywa haumsaidii mtu hapa.

Kinga ni kununua mahali penye leseni na kukagua stempu ya ushuru iliyobandikwa kwenye chupa. Mamlaka ya Ushuru, KRA, ina programu ya simu iitwayo Soma Label ambayo husoma stempu hiyo na kueleza bidhaa ni gani. Kifuniko kilicholegea, lebo iliyobandikwa vibaya, au bei iliyo chini sana kuliko kawaida ni sababu za kutosha kuiacha chupa dukani. Aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni, akaumwa na kichwa kikali, akatapika au akapumua kwa shida apelekwe hospitalini mara moja. Asisubiri asubuhi wala asiambiwe alale kwanza. Kuona vibaya kunaweza kuanza saa nyingi baada ya kunywa.

Kuonja bila kileo

Ustadi wa kuonja hauhitaji bia. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa ambacho jina la mji limeingia katika zao lake: aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa ajili ya kustahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Mwaka 2010 aina ya Batian ikafuata. Wanunuzi wa kahawa duniani huonja kwa utaratibu unaowezekana hata jikoni. Gramu 8 hivi za kahawa iliyosagwa huwekwa kwenye kikombe na kumiminiwa mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka. Baada ya dakika 4 tandu linaloelea juu huvunjwa kwa kijiko huku mtu akinusa. Kikishapoa kidogo huonjwa kwa kuvuta kwa sauti kutoka kwenye kijiko, ili kahawa isambae mdomoni.

Vikombe viwili vya kahawa za mashamba tofauti, vikionjwa kando kwa kando, hutosha kuonyesha tofauti ya uchachu, utamu na uzito. Asali za sehemu mbalimbali na majani ya chai ya viwanda mbalimbali huonjwa kwa njia hiyo hiyo, na vijana wa nyumbani wanaweza kushiriki, kahawa na chai zikiachiwa wakubwa.

Daftari na kipimo

Kinachotenganisha maana mbili za uraibu si kitu chenyewe kinachofanywa. Hata picha zinaweza kumshika mtu akakesha na simu huku watoto wakimngoja. Kinachotenganisha ni mambo matatu yanayoweza kukaguliwa: mtu aliamua kiasi kabla ya kuanza, aliandika alichokiona, na aliweza kuacha alipofika kwenye kiasi hicho.

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kwa picha huandikwa tarehe, saa, nafasi kati ya picha na kasoro iliyojitokeza. Kwa kuonja huandikwa jina la kinywaji, asilimia, kiasi kilichoonjwa, rangi, harufu na ladha. Baada ya mwezi mmoja daftari husema ukweli. Ikiwa safu ya kiasi inapanda kila wiki huku safu za harufu na ladha zikibaki tupu, mtu huyo haonji tena. Dalili nyingine ni kuficha chupa, kutumia pesa ya kodi au ya karo, kutamani siku ya kuonja tangu asubuhi, na kukasirika anapoulizwa.

Anayeona dalili hizo, kwake au kwa mtu wa nyumbani, anaweza kupiga simu 1192, nambari ya bila malipo ya NACADA, shirika la kitaifa la kupambana na matumizi mabaya ya vileo na dawa za kulevya. Kuzungumza mapema ni rahisi kuliko kungoja mpaka kazi imepotea.

Zoezi la wiki mbili

1. Wiki ya kwanza: kuweka mbegu tatu za maharagwe kwenye chupa ya kioo, kupiga picha 72 kwa siku, na kuandika siku ambayo mzizi ulionekana, siku ambayo shina liliinuka na siku ambayo jani la kwanza lilifunguka.

2. Wiki ya pili: mbegu zikiendelea, kuonja kahawa za aina mbili, na kwa mtu mzima anayetaka na asiyezuiwa na afya, bia za aina nne kwa mililita 50 kila moja. Kiasi kiandikwe kabla chupa haijafunguliwa.

3. Mwisho wa wiki ya pili: kuunganisha picha 720 kuwa video, kuionyesha familia, na kusoma daftari pamoja nao.

Maswali ya kujadili nyumbani: Je, video ya dakika moja ya mbegu hizo kwa siku 10 ingehitaji picha ngapi, na nafasi kati ya picha ingekuwa dakika ngapi? Je, chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kileo kiasi gani? Na je, katika nyumba hii, uraibu wa kila mmoja uko upande wa maana ipi ya neno hilo?